Mita 300 kaskazini ya mbuyu: uchambuzi wa kisa cha GPS kwenye mpaka wa vijiji viwili

Kisa hiki kimetoka kwenye kazi ya kurejesha mpaka wa kijiji katika wilaya moja ya kanda ya kati ya Tanzania. Majina ya vijiji, wilaya, taasisi na watu yameondolewa, na viwianishi kamili (namba zinazoonyesha mahali) vimefichwa kwa sababu mpaka wenyewe bado unazua maneno pande zote mbili. Sikuwa kwenye timu ya uwandani. Niliitwa baadaye kupitia fomu, mafaili ya mashine na mihtasari ya mikutano, kisha nikazungumza na waliokuwepo. Nakiandika kwa ajili ya maafisa ardhi, mabwana shamba, watendaji wa vijiji na vijana wa kujitolea wanaokabidhiwa GPS ya mkononi asubuhi na kutakiwa warudi na mpaka jioni.

Usuli

Vijiji viwili, nitakavyoviita Kusini na Kaskazini, vilikuwa kijiji kimoja kabla ya kugawanywa. Kila kimoja kina cheti chake cha ardhi ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Cheti cha Kusini kimeambatanishwa na ramani yenye orodha ya bikoni, yaani alama za mpaka za zege zenye chuma katikati: jina la bikoni, namba ya mashariki, namba ya kaskazini, basi. Ramani ya awali ilikuwa na maelezo ya mfumo wa upimaji chini kabisa ya karatasi, lakini iliyobaki kwenye kabati la mtendaji ilikuwa fotokopi ya fotokopi, na ukingo wa chini uliliwa na mashine ya kunakili.

Mpaka unaobishaniwa unakwenda mashariki-magharibi kwa takriban kilomita nne. Upande wa Kusini kuna malisho. Upande wa Kaskazini kuna mashamba ya alizeti na uwele. Kusini walikuwa wameomba kuandaliwa mpango wa matumizi ya ardhi ili watenge malisho rasmi, halafu wananchi wapimiwe mashamba na kupewa hati za hakimiliki ya kimila. Hakuna anayeweza kutenga malisho kabla ya kujua kijiji kinaishia wapi, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuzifuata bikoni za zamani, kuzisafisha, na kuweka vigingi vya rangi katikati yake ili mstari uonekane.

Timu ilikuwa na afisa mipango aliyekuwa kiongozi, mpima msaidizi, bwana mifugo na kijana wa kujitolea aliyesomea jiografia. Kijiji kilitoa wajumbe wa halmashauri na wazee watatu wanaoujua mpaka tangu ujana wao. Kijiji cha Kaskazini kiliandikiwa barua. Barua ilifika, lakini mwenyekiti wao alikuwa safarini na hakuna aliyetumwa badala yake. Kazi ikaanza hivyo hivyo.

Vifaa

Mashine zilikuwa tatu, zote za mkononi, za aina ya kawaida inayotumia betri mbili ndogo. Mbili zilikuwa mpya kiasi. Ya tatu ilikuwa kongwe, kioo kimekwaruzika, imerithiwa kutoka idara nyingine iliyokuwa ikiitumia kwenye misitu. Kijana alikuwa pia na simu yenye programu ya ramani inayofanya kazi bila intaneti, pamoja na picha ya setilaiti ya eneo hilo aliyoipakua mjini kabla ya safari.

Jambo moja kuhusu vifaa hivi linahitaji kueleweka mapema. Mashine ya mkononi kwenye uwanda wa wazi hukupa mahali ulipo kwa kosa la mita tatu hadi tano hivi. Kwenye kioo hujisifia yenyewe: "±4 m". Namba hiyo inakwambia setilaiti zimejipangaje juu ya kichwa chako na mawimbi yanapokelewa vizuri kiasi gani. Haijui chochote kuhusu namba ulizozichapa kwa mkono kutoka kwenye karatasi. Ukiingiza namba mbovu, mashine itakufikisha kwenye ubovu huo kwa usahihi wa mita nne.

Siku ya kwanza: mbili dhidi ya moja

Asubuhi, viwianishi vya bikoni vilichapwa kwenye mashine zote tatu. Timu ikajigawa. Kiongozi na mashine mbili mpya akaanzia mashariki. Mpima msaidizi akachukua ile kongwe, akaondoka na wazee wawili kuelekea katikati ya mstari, ambako kwa maneno ya wazee bikoni iko chini ya mbuyu mkubwa kwenye ukingo wa korongo.

Mashine kongwe ilimfikisha mpima msaidizi kwenye mbuyu. Mshale ulizunguka kidogo, kama kawaida ya mashine zisizo na dira ya ndani mtu akisimama, umbali ukashuka hadi mita saba, na wazee wakacheka kwa sababu walishamwambia tangu barabarani. Bikoni yenyewe haikuonekana juu ya udongo. Akaandika namba za kioo kwenye fomu, akaendelea.

Kiongozi, kwa bikoni ya kwanza ya mashariki, alifikishwa katikati ya shamba la alizeti. Hapakuwa na zege wala chuma. Mzee aliyekuwa naye akasema mpaka wameshaupita nyuma kitambo, kule kwenye mti waliouacha. Kiongozi akaitazama mashine ya kwanza, akaitazama ya pili. Zote zilisema hapa. Akaamua kwamba bikoni iling'olewa na wenye shamba, jambo ambalo si geni, na akaagiza kigingi kipigwe. Mantiki yake wakati ule ilikuwa na uzito: mashine mbili zinazojitegemea, kosa la mita nne, dhidi ya kumbukumbu ya mtu mmoja mwenye maslahi. Ila maslahi ya mzee huyo, ukifikiri kidogo, yalikuwa upande wa pili. Alikuwa mtu wa Kusini, na alikuwa anasema kijiji chake kinaishia nyuma zaidi. Shahidi anayejinyima ardhi anastahili kusikilizwa mara mbili.

Jioni walipokutana, mashine kongwe na zile mbili hazikupatana. Mtu mmoja akaeleza kwamba Wamarekani huvuruga mawimbi makusudi ili raia wasipate usahihi. Maelezo hayo yaliwahi kuwa kweli: uvurugaji huo ulikuwepo na ulikuwa unaongeza kosa la hadi mita 100 hivi, lakini ulizimwa mwezi Mei 2000 kwa amri ya Rais Clinton. Bado huzunguka maofisini kama dawa ya kila tofauti. Hata ungekuwepo, usingeziumiza mashine mbili kwa namna moja na kuiacha ya tatu.

Hatimaye ikaamuliwa kwamba kongwe imechoka. Kwa nia njema kabisa, mtu akairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani "ili ipone", na wakati huohuo ikafutwa kumbukumbu yake yote. Asubuhi ikawashwa, na kweli imepona. Mashine zote tatu sasa zilisema kitu kimoja. Kijana akazilinganisha na simu yake. Nayo ikakubaliana nazo. Timu ikapumua.

Siku ya pili: vigingi kwenye alizeti

Siku ya pili vilipigwa vigingi kwenye sehemu kubwa ya mstari, vyote takriban mita 300 kaskazini ya mahali wazee walipokuwa wakielekeza. Fanya hesabu: mita 300 kwa kilomita nne ni hekta 120, karibu ekari 300. Alizeti zilikuwa zimeanza kuinamisha vichwa, wenye mashamba walikuwa wanajiandaa kuvuna, na hapo wakaona watu wa serikali na watu wa kijiji jirani wakipiga vigingi vyekundu ndani ya mazao yao wakiongozwa na kidude cha mkononi.

Yaliyofuata hayahitaji kuelezwa sana. Filimbi zilipulizwa, watu wakajaa, maneno yakatoka. Vigingi kadhaa viling'olewa, na kijana mmoja wa Kaskazini akashika mashine akitaka kuivunja. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo sifa nyingi zimwendee mtendaji wa kata, aliyefika kwa pikipiki na kuanza kwa kuwasalimia wazee wa pande zote mbili kabla hajauliza swali lolote kuhusu mpaka.

Hapo kiongozi akafanya uamuzi ambao naona ndio uliookoa kazi nzima. Alisimamisha upimaji, na vigingi vyote vilivyobaki vikatolewa siku ileile kabla ya magharibi, mbele ya wajumbe wa vijiji vyote viwili, na muhtasari ukaandikwa na kusainiwa kwamba vigingi vile havina maana yoyote kisheria. Baadhi ya wenzake walipinga: posho zimehesabiwa, mafuta yamehesabiwa, na kutoa vigingi ni kukubali kushindwa. Yeye alisema kigingi kikilala usiku mmoja shambani, asubuhi kinakuwa ushahidi. Namuunga mkono bila kusita. Mipaka mingi ya vijiji ina ugomvi ulioanzia kwenye alama ya muda ambayo hakuna aliyejali kuiondoa.

Nguzo ya mlimani

Siku iliyofuata mpima msaidizi alipendekeza kitu ambacho kingefanywa kabla ya kigingi cha kwanza: kwenda mahali ambapo panajulikana kwa namba na panajulikana kwa macho. Kilometa chache kutoka kijijini kuna kilima chenye nguzo ya zamani ya wapima, zege iliyopakwa chokaa zamani sana, na imeonyeshwa kwa alama ya pembetatu kwenye ramani ya topografia ya 1:50,000. Ramani hiyo ilikuwapo wilayani, nzima, na ukingo wake wote.

Walipanda. Mashine zote tatu ziliwekwa juu ya nguzo, zikaachwa zipate wastani wa vipimo vingi badala ya kusoma mara moja. Zilitofautiana kwa mita tatu, nne. Kisha kijana akatandaza ramani juu ya jiwe, akachukua rula ya shule, akapima nguzo iko wapi ndani ya mraba wa gridi. Kwenye ramani ya 1:50,000 milimita moja ni mita 50, kwa hiyo kwa rula na jicho zuri unaweza kusoma mahali kwa mita 25 hivi. Haitoshi kupima shamba la mtu, lakini inatosha sana kuona tofauti ya mita 300, ambayo kwenye karatasi ni milimita sita nzima.

Tofauti ilikuwa milimita sita. Namba ya kaskazini ya ramani ilikuwa kubwa kuliko ya mashine kwa takriban mita 300, na namba ya mashariki ilikuwa ndogo kwa mita 80 na kitu. Mashine tatu na simu moja zilikuwa zimekubaliana kwa pamoja kutofautiana na ramani.

Kijana akasoma maandishi madogo pembeni mwa ramani: Clarke 1880, Arc 1960. Akafungua mipangilio ya mashine mojawapo, sehemu ya namna ya kuonyesha mahali, akakuta datumu, yaani mfumo wa upimaji ambao namba zinausoma, imewekwa WGS 84. Akashuka kwenye orodha ndefu hadi Arc 1960, akabonyeza. Namba kwenye kioo zikaruka na kutua karibu kabisa na za ramani, bila mashine kusogezwa hata kidole kimoja.

Kwa nini mita 300

Setilaiti za GPS zinafanya kazi kwa mfumo mmoja wa dunia nzima, WGS 84, ambao umbo lake la dunia limewekwa kitovu chake kwenye kitovu cha dunia. Wapima wa Afrika Mashariki walikuwa na mfumo wao kabla ya setilaiti, Arc 1960, uliojengwa kwa minyororo ya pembetatu juu ya vilima na juu ya umbo la dunia la Clarke la 1880. Kitovu cha umbo hilo hakipo mahali pamoja na kile cha WGS 84. Vitovu hivyo vimepishana kwa mamia ya mita, zaidi kwenye mwelekeo wa kaskazini-kusini. Kwa hiyo mahali pamoja pana namba mbili, zote sahihi.

Msomaji wa Kiswahili analijua tatizo hili kutoka stendi ya basi. Tiketi imeandikwa 12:00. Mmoja anafika alfajiri, mwingine anafika mchana, na saa za wote wawili ni nzima. Kosa limo kwenye kutosema ni saa za nani.

Cheti cha Kusini kilikuwa kimetengenezwa kwa Arc 1960, kama hati nyingi za nchi hii za zamani. Namba zake zilipochapwa kwenye mashine iliyowekwa WGS 84, mashine ilizichukulia kuwa zake, ikawapeleka watu mita 300 kaskazini na kidogo magharibi. Ile kongwe haikuwa mbovu. Waliokuwa wakiitumia kwenye misitu, na waliokuwa wakizunguka na ramani za 1:50,000, waliiweka Arc 1960 kwa makusudi. Kuirudisha kiwandani kuliifanya ikose pamoja na wenzake, na kukafuta alama pekee ambayo ingewaonyesha tatizo liko wapi.

Ningependa hapa kusimama kidogo, kwa sababu kila ninapofundisha kisa hiki watu hukimbilia kusema "basi tukumbuke datumu" na kufunga daftari. Ugumu uko kwenye ukubwa wa kosa. Kosa la mita tano halimsumbui mtu kwenye mpaka wa kijiji. Kosa la kilomita mia humshtua kila mtu. Mita 300 ni kosa linaloangukia kwenye shamba la jirani, mahali ambapo tayari kuna minong'ono ya zamani, na kila mwenye upande wake anapata sababu ya kuliamini. Kiongozi hakuwa mjinga kudhani bikoni imeng'olewa. Kosa lilikuwa na umbo la dhana aliyokuwa nayo kabla hajatoka ofisini.

Kona iliyopelekwa baharini

Mfano wa kosa linalojitangaza ulikuja siku ileile. Baada ya kurekebisha datumu, bikoni ya mwisho ya magharibi ilichapwa na mashine ikasema iko umbali wa zaidi ya kilomita 660, upande wa mashariki. Bwana mifugo akauliza kama wachukue boti.

Mstari wa longitudo 36 mashariki unapita katikati ya eneo hilo, na ndio unaotenganisha zoni ya 36 na ya 37 za UTM, gridi inayoigawa dunia kwa zoni ili mahali paandikwe kwa mita. Kila zoni inaanza kuhesabu upya. Ukiukaribia mstari huo kutoka magharibi, namba ya mashariki inapanda hadi karibu 832,000. Ukivuka tu, unajikuta kwenye karibu 168,000. Bikoni ya magharibi iliandikwa kwa zoni ya 36, mashine ilikuwa ikitegemea 37, na namba ya 831,000 na ushee ndani ya zoni ya 37 iko Bahari ya Hindi. Kosa hilo lilirekebishwa kwa dakika moja, watu wakacheka, na hakuna kigingi kilichopigwa. Mtu yeyote anayefanya kazi Dodoma, Manyara na jirani zake aangalie zoni kabla ya kuangalia kitu kingine, maana mstari huo unakata wilaya bila kujali ofisi ya wilaya iko upande gani.

Korongo lililohama

Isije ikaonekana kwamba wazee walikuwa sahihi kila mahali. Kwenye bikoni moja, karibu na mwisho wa magharibi, wazee wenyewe walitofautiana. Wawili walisema mpaka ni korongo. Wa tatu alisema korongo lilihama wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na mpaka uko kwenye mkondo wa zamani ambao sasa ni vichaka vitupu.

Hapa mashine, ikiwa sasa imewekwa vizuri, ilisaidia. Iliwapeleka kwenye vichaka, ndani ya mita chache. Walichimba kwa jembe kuzunguka hapo, kwa duara lililokuwa likipanuka taratibu, kwa sababu ubadilishaji wa datumu ulio ndani ya mashine za mkononi hutumia wastani wa eneo pana na huacha mita kadhaa za shaka juu ya zile za kawaida. Zege ilipatikana chini ya tope lililokauka, na chuma katikati yake. Chini ya mbuyu nako walichimba, wakaipata ya pili. Kwenye shimo hili walikuwapo wajumbe wa Kaskazini, na mwenye jembe alikuwa mtu wao.

Matokeo

Mstari ulirejeshwa kwa bikoni zilizofukuliwa, si kwa vigingi vya mashine, na halmashauri za vijiji vyote viwili zilisaini. Mwenyekiti wa Kaskazini, aliyerudi kutoka safari akakuta moto, aliweka sharti moja: tangu siku hiyo, kila mashine inayotumika mpakani ishikwe na watu wawili, mmoja wa kila kijiji, na namba zisomwe kwa sauti. Timu ililikubali shingo upande. Baadaye wakaona kazi inakwenda haraka zaidi, kwa sababu aliyesoma namba mwenyewe hana ubishi nazo jioni.

Gharama ilikuwepo. Bajeti ya posho iliisha kabla ya kutenga malisho, na sehemu hiyo ikaahirishwa. Mashamba yaliyokuwa yamerekodiwa siku ya kwanza yalileta tatizo lingine, ambalo ndilo lililonifanya niitwe. Fomu za karatasi zilikuwa na namba zilizosomwa kutoka kwenye mashine zote tatu, bila kuandikwa ipi ilitumika wapi. Baadhi zilikuwa za Arc 1960, baadhi za WGS 84, zimechanganyika kwenye ukurasa mmoja.

Za mashine mbili mpya zilikombolewa kwa urahisi. Mashine za mkononi huhifadhi nukta ndani yake kwa WGS 84 hata kama kioo kinaonyesha mfumo mwingine, na faili la GPX linalotolewa humo siku zote ni la WGS 84, kwa latitudo na longitudo. Mafaili yalishushwa kwenye kompyuta, kila nukta ikalinganishwa na fomu. Za ile kongwe hazikuwa na faili, kwa sababu kumbukumbu ilifutwa usiku ule wa "kuiponya". Nyingine zilitambulika kwa akili: nukta ikiangukia katikati ya boma la jirani, na ukiisogeza mita 300 kusini na 80 mashariki ikakaa sawasawa kwenye kona ya shamba inayoonekana kwenye picha ya setilaiti, hakuna shaka kubwa. Hata hivyo wenye mashamba hayo waliombwa radhi na kupimiwa upya. Sikuona haki mtu kupewa hati kwa nukta iliyotambuliwa kwa akili yangu.

Uchambuzi

Nianze na picha ya setilaiti, kwa sababu wengi huniuliza kwa nini simu haikuwaokoa. Simu ilikuwa na kila kitu: picha, mbuyu unaonekana kama doa, mashamba yanaonekana. Lakini simu na picha vyote ni vya WGS 84, kwa hiyo simu ilithibitisha makosa ya mashine kwa uaminifu wote. Ilionyesha "uko hapa" kwenye alizeti, na kweli walikuwa kwenye alizeti. Ingewasaidia tu kama mtu angeingiza mbuyu kwanza kutoka kwenye picha, halafu akaulinganisha na namba za cheti. Na picha zenyewe huweza kukaa pembeni kwa mita kadhaa. Ni nzuri kwa kuuliza maswali, na hazifai kupiga kigingi.

Makubaliano ya mashine ndiyo yaliyoiponza timu zaidi ya kitu kingine. Vifaa vinne vilivyowekwa sawa ni kifaa kimoja kilichorudiwa mara nne. Tofauti ya siku ya kwanza, iliyowakera, ilikuwa ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote walizokusanya, na wakaifuta kwa kubonyeza vitufe viwili. Naona afadhali timu iwe na sheria kwamba mashine inayopingana na wenzake haiguswi mpaka mipangilio yake iandikwe kwenye karatasi, ukurasa kwa ukurasa. Ingechukua dakika tano, na neno Arc 1960 lingeonekana usiku uleule.

Fomu ilichangia sana. Ilikuwa na nafasi ya jina la mkulima, mke au mume, mashahidi na saini za majirani wote wanne, mambo yote ya lazima. Haikuwa na nafasi ya datumu, zoni, wala namba ya mashine. Mtu hujaza anachoulizwa. Fomu iliyotengenezwa baada ya kisa hiki ina mstari juu kabisa, wenye maneno hayo matatu, na hauwezi kujazwa bila kufungua mipangilio na kuiangalia. Kazi zinazofanywa kwa programu za simu, kama ile ya MAST iliyotumika Iringa kupima mashamba ya wanakijiji, zina nafuu hapa, kwa kuwa nukta inakwenda moja kwa moja kwenye faili bila kupitia kalamu ya mtu. Tatizo la vyeti vya zamani linabaki palepale. Bado kuna mtu wa kuchapa namba kutoka kwenye karatasi.

Kuanza bila Kaskazini lilikuwa kosa la kiutaratibu, na nadhani hata datumu ingekuwa sahihi lingezua ugomvi kwenye lile korongo lililohama. Barua kufika hakutoshi. Ukipima mpaka na mwenye upande mmoja tu, unapata ukingo wa ardhi yake anavyoutaka au unavyoutaka wewe.

Na kuna suala la mamlaka ya kifaa. Mashine ya mkononi ni ya kutafutia bikoni, kuchorea maeneo ya malisho, kurekodi visima na njia za mifugo. Bikoni ya mpaka wa kijiji ikipotea kabisa, kuirudisha ni kazi ya mpima mwenye leseni na vifaa vya usahihi wa sentimita. Timu hii ilipiga vigingi kwenye mstari kabla ya kuona hata zege moja kwa macho. Kama masharti ya kazi yangesema "hakuna kigingi kabla ya bikoni mbili kufukuliwa", kosa la datumu lingebaki kero ya asubuhi moja.

Bikoni ya kwanza ya mashariki, ile iliyowapeleka kwenye alizeti, haijapatikana mpaka sasa hata baada ya mashine kurekebishwa. Walichimba, hawakuona kitu. Huenda iling'olewa kweli, kama kiongozi alivyodhani, ila mita 300 kusini ya pale alipodhania. Vijiji vimekubaliana kuacha nafasi hiyo bila alama hadi mpima wa serikali afike, na kwa sasa wanatumia mti aliouonyesha yule mzee siku ya kwanza.